Siku Kriketi Ilipotangulia

Siku simu mpya ilipotoka, jengo la maduka ya vifaa vya umeme lilifurika watu mpaka walinzi wakachoka kupanga foleni, wakakaa. Simu yenyewe haikuzidi ya mwaka uliopita ila kwa wembamba, lakini binadamu akiambiwa kitu ni kipya hujisahau. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamke mwenye gauni la kahawia na mkoba mkubwa begani, mkononi kashika vipokea sauti vya masikioni vilivyokatika waya. Simu mpya hakuitaka. Alikuwa akiitafuta meza ya mafundi, akauliza kwa upole, "Samahani, wa mwisho ni nani?"

Fundi wa mashine za gemu alikuwa kainama nyuma ya meza yake, bisibisi mdomoni, anafungua pedi ya kuchezea iliyomwagiwa soda. Hakuinua kichwa. Alitoa bisibisi akasema, "Wa mwisho ni wewe, mtangazaji. Na ile roketi ya jana uliisoma kwa huzuni mno. Imeahirishwa tu, haijafa."

Watu wakacheka. Mwanamke naye akacheka, kwa mshangao, kwa sababu hajawahi kutambuliwa na mtu. Sauti yake iliingia kila nyumba jioni, uso wake hakuna aliyeujua. Aliyemtambua alikuwa na kipara kinachoanza, shati la mikono mifupi lililopigwa pasi vizuri, na vidole vyenye alama za solda. Waya ulipomalizika kuungwa, kila mmoja alikuwa na namba ya simu ya mwenzake, na hakuna aliyekumbuka vizuri nani aliyeomba.

Kazi yake mtangazaji ilikuwa kusoma kona ya mwisho ya taarifa ya jioni: gemu, teknolojia, kriketi, kisha safari za anga. Mpangilio ni huo huo kila siku, na aliupanga mwenyewe. Kriketi iliingizwa kwa sababu muuza matairi aliyedhamini kipindi aliupenda mchezo huo. Wasikilizaji wengine waliokwenda jikoni wakati wa kriketi hatuwezi kuwalaumu. Fundi ndiye aliyeongeza sauti. Kila Jumapili alicheza na timu ya mafundi wenzake, na kila Jumapili walifungwa.

Taarifa ikiisha tu, simu inalia. Hapo ndipo mapenzi yao yalipokulia, kwenye habari za watu wengine. Timu ya kriketi ikitolewa kwa mikimbio michache, Fundi alilalamika kana kwamba wachezaji walikuwa wajomba zake. Mashine mpya ya kufikiri ikitangazwa, mtangazaji aliuliza kama itajua kufua. Wanaanga waliokwama kule juu waliporudi salama, alimwambia kwamba alisoma huku machozi yakimtoka, na Fundi akajibu kwamba aliyasikia.

"Laazizi, lile gemu wameliahirisha tena?" alimuuliza jioni moja.

"Mimi nimesoma tu, Fundi wangu. Wanasema watalitoa likiwa kamili."

"Hata mimi nilimwambia mama nitaoa nikiwa kamili. Sasa nywele zinaondoka."

"Kwa hiyo unataka kuoa kabla hazijaisha?"

Mzaha ulikuwa umegusa penyewe.

Jumapili iliyofuata, pembeni mwa uwanja, Fundi akiwa na suruali nyeupe yenye madoa ya majani kwenye magoti, alimuuliza waziwazi kama atakubali awe mume wake. Mtangazaji alimpenda, wala si siri. Mapenzi ni kikohozi. Lakini aliwahi kuwa na mchumba aliyeibadili nia yake kwa ujumbe mfupi wa simu, na tangu hapo neno ndiyo lilimtisha. Akaomba wiki moja ya kufikiri, bila simu wala ujumbe. Fundi akakubali. Mtangazaji alipomwona kanuna, akamfanyia utani wa kumpoza. Jibu utalipata redioni, alimwambia. Nikikubali, siku hiyo kriketi itakuwa ya kwanza. Nikikataa, nitaisoma mwisho kabisa.

"Na kama muuza matairi atalalamika?" Fundi aliuliza.

"Tutamwalika."

Jumatatu asubuhi msimamizi wa kituo akamwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, alimmiminia maji. Akamwomba asikilize kitu, akabonyeza kompyuta, na mtangazaji akajisikia mwenyewe akisoma habari ambayo hajawahi kuisoma. Miezi michache nyuma walimrekodi akisema sentensi nyingi nyingi, naye alidhani ni za matangazo ya biashara. Kumbe walikuwa wanaifundisha mashine. Kuanzia leo itasoma yenyewe, itapanga yenyewe, ikitanguliza habari inayotafutwa zaidi mtandaoni. Msimamizi alimshukuru kwa sauti yake nzuri. Mtangazaji akasema asante, akachukua kikombe chake na koti, akatoka. Alingoja uchungu njia nzima. Haukuja.

Aliishi kwa dada yake mkubwa, muuguzi. Dada alipomuuliza mbona yuko nyumbani, alimweleza kwa maneno machache, kama anayesoma habari ya nchi ya mbali, kisha akalala. Akaamka, akalala tena. Simu aliizima. Kumpigia Fundi hakuweza, kwa kuwa wiki ya kimya aliiomba mwenyewe, na zaidi ya hapo aliona aibu. Mtu aliyeipenda sauti yako utamwambiaje kwamba imebaki kazini na wewe umerudi nyumbani?

Mchana alitazama habari kwenye televisheni ya dada, sauti ikiwa imefungwa. Lile gemu lilikuwa limetoka hatimaye, vijana wakakesha milangoni mwa maduka. Chombo kilikuwa kimetua mwezini kwa upande, miguu juu. Alijua kwamba siku nyingine angecheka. Aliwaza kwamba Fundi atafurahi kuhusu gemu, na wazo hilo likapita kama jina la mtu asiyemfahamu. Mwili mzima ulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila mguu ukiamka huchoma, na huu haukuonyesha dalili ya kuamka.

Jumatano jioni, fainali ya kriketi ya dunia ilikuwa imechezwa, na nusu ya dunia ilikuwa ikiyatafuta matokeo. Mashine ikafanya ilichofundishwa. Fundi alikuwa dukani, redio ndogo juu ya rafu. Taarifa ilipofika kona ya mwisho, sauti ya mpenzi wake ikasema: tunaanza na kriketi.

Aliweka solda chini. Akacheka peke yake, akamkumbatia mwenye duka la jirani ambaye wala hawasalimiani. Tuseme kweli, kuna kitu hakikukaa sawa masikioni mwake. Mtangazaji ana tabia ya kuvuta pumzi ndogo kabla ya sentensi ndefu, na jioni ile, kama zile mbili za kabla yake, hakuivuta. Gemu alilolisubiri miaka lilitajwa bila hata chembe ya kicheko. Fundi alivisikia vyote viwili. Akajiambia ni woga wa mchumba. Ukipenda, chongo huita kengeza. Akampigia mama yake.

Mama ni fundi cherehani, mjane, na mwanawe ni huyo mmoja. Hakungoja kesho. Aliwatangazia wateja wote, akatoa kitambaa alichokuwa amekificha kabatini, na asubuhi akapiga namba ya yule dada muuguzi, aliyoipata kwa mwanawe.

Dada aliingia chumbani na simu. "Kuna mama hapa anasema wewe ni mkwe wake. Mimi dada yako wa tumbo moja nimekuwa wa kuambiwa?"

Mtangazaji akaipokea akiwa amelala.

"Mwanangu," sauti ya mama ilikuwa imejaa, "nimefurahi ulivyomkubali mwanangu mbele ya dunia nzima. Nataka tu kipimo cha mabega."

Ilimchukua muda kuelewa. Jana. Kriketi. Alipoelewa hakukasirika wala hakulia. Alimwambia mama kwa adabu kwamba atampigia, akavaa gauni lililokuwa karibu, akaenda dukani kwa Fundi.

Fundi alimwona akiwa mbali, akasimama kwa furaha, kisha furaha ikamshuka usoni. Mtangazaji alikuwa amekonda na macho yake hayakushika kitu.

"Sikuwa mimi," mtangazaji alisema. "Niliachishwa kazi Jumatatu. Ile ni mashine. Wameipa sauti yangu."

Fundi akakaa.

"Ulinitambua kwa maneno matano katika watu wote wale," aliendelea, bila ukali, kama anayetaja saa. "Jana hukunitambua?"

Fundi angeweza kudanganya. Angesema mashine siku hizi ni hodari, na nani angembishia?

"Niligundua," alisema. "Si yote. Lakini nilisikia hupumui. Nilijua kuna kitu. Nikakinyamazia kwa sababu nilitaka jibu liwe lile."

"Kwa hiyo ulikubaliwa na mashine, ukaridhika."

"Ndiyo. Nisamehe."

Mtangazaji alitazama pedi zilizopangwa mezani. Akasema nakupenda, hilo nalijua hata sasa, ila silisikii. Sisikii chochote. Ukiniambia nyumba yetu inaungua nitauliza upande gani, basi. Na sasa mama yako anashona.

Fundi hakumbembeleza. Alichukua simu, akaiweka mezani ili sauti itoke, akampigia mama yake. Alimwambia kwamba amekosea. Hakuna aliyekubali. Yeye wamemtoa kazini Jumatatu, aliyesoma redioni ni mashine, na mimi nilihisi hivyo, mama, nikakukimbilia na habari nisiyokuwa na uhakika nayo. Usishone. Kama umewaambia watu, waambie mwanao ndiye mkosaji. Masikio yake yaliwaka, na mwenye duka la jirani alijifanya anapanga betri.

Upande wa pili cherehani ilisimama.

"Yupo hapo?" mama aliuliza.

"Yupo. Anakusikia."

"Mwanangu, tangu walipokutoa kazini, umekula?"

Mtangazaji alitaka kujibu kwamba amekula. Badala yake kilio cha siku zote zile kikamtoka hapo hapo, mbele ya wateja, akiwa ameshika ukingo wa meza. Kilimuuma. Aliusikia uchungu wa kazi yake, na aibu, na mapenzi, vyote kwa mpigo. Fundi alizunguka meza akamshika mabega. Mama aliposikia, alisema mwacheni alie, kisha akasema yuko njiani na chakula, akakata simu.

Kilio kilipopungua, Fundi alimpa kitambaa safi cha kufutia vioo vya simu.

"Huniulizi?" mtangazaji alisema.

"Nikikuuliza sasa utajibu kwa sababu unalia."

"Najibu kwa sababu nasikia. Niulize, Fundi."

Akamuuliza, taratibu, akimtazama usoni. Mtangazaji akasema ndiyo. Neno lilitoka limekwaruza, limejaa kamasi, likakatika katikati ikabidi alirudie, na hakuna kituo ambacho kingeliruhusu lipite hewani.