Ruta ya Karatasi

Asubuhi ile Thoa aliamka akiimba, kwa sababu Khai, mumewe, hatimaye alikuwa amekubali wabadilishe ruta, kile kisanduku cha intaneti cha nyumbani.

Ile ya zamani ilikaa chini ya ngazi, nyeusi, imejaa vumbi, na mtandao wake uliitwa Diep. Diep alikuwa mke wa kwanza wa Khai, aliyefariki miaka minne nyuma. Neno la siri lilikuwa tarehe yake ya kuzaliwa. Kila mgeni aliyeomba intaneti, ilimbidi Thoa amtajie, namba kwa namba, siku aliyozaliwa mwanamke mwingine. Jina lenyewe hakuwahi kulitamka. Alisema tu "yule".

Kazi yake ilikuwa kuuza magauni kwa matangazo ya moja kwa moja kwenye simu, na picha ilikwama kila alipofika kwenye bei. Hiyo ndiyo sababu aliyompa Khai. Ile nyingine aliimeza.

Walikwenda kwa Quyet, fundi mwenye duka la vifaa karibu na soko, hapo hapo jijini Hai Phong.

"Nyumba yenu ina upana gani, dada?" Quyet aliuliza.

"Upana uko wapi? Mita tatu na nusu. Ila ina ghorofa nne."

"Basi usidanganyike na antena. Mtu anaona antena nane, anafurahi, kumbe kanunua kaa wa miguu minane. Kinachomeza mawimbi ni zege la sakafu. Chukua hii ya vipande viwili, kimoja chini, kimoja juu kabisa. Vinaongea vyenyewe."

"Juu kabisa ni madhabahu ya marehemu wetu," alisema Khai.

"Kwani marehemu hawapendi video?" Quyet alicheka peke yake.

Thoa alikigeuzageuza kile kipande cheupe mkononi. "Inaonyesha nani anatumia?"

"Simu moja moja, kwa jina. Usiyemtaka unamzuia kwa kidole. Na haikatiki, dada. Hii haikuachi popote uendapo."

"Mdogo wangu anataka kunipeleleza," Khai alimwambia Quyet, akimaanisha mkewe.

"Kama huna unachoficha, kaka, jasho la nini?" alijibu Thoa, akimwita kaka kama alivyomwita tangu uchumba. Wote watatu wakacheka.

Kabla ya chakula cha mchana ruta ilikuwa imefungwa. Thoa aliupa mtandao jina: Nyumba ya Thoa. Kipande cha juu alikiweka mwenyewe kwenye madhabahu, mbele ya picha ya Diep, kikaziba nusu ya uso. Khai alipanda, akakisogeza kando taratibu, akawasha ubani. Thoa aliyaona yote kutoka ngazini, na kifua kikamwaka.

Akafungua orodha kwenye simu yake. Simu ya Khai. Simu ya Thoa. Televisheni.

Na ya nne. Simu ya Diep.

"Umeificha wapi simu yake?" alimuuliza Khai mezani, mbele ya bakuli za tambi za kaa.

"Simu ya nani?"

"Ya yule."

"Yake ilikufa kabla yake. Ana ile ya karatasi tu, niliyomchomea siku ya kumbukumbu." Khai akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Thoa aliizuia kwa kidole. Alasiri, akiwa katikati ya tangazo, gauni la kijani mkononi, simu ilirudi kwenye orodha. Akaizuia tena. Ikarudi. Akaizuia mara ya tatu, na safari hii mtandao wote ukakatika, wateja wake wote wakapotea. Akabaki anatabasamu mbele ya kioo cheusi. Juu, ghorofa ya nne, kiti kilisogezwa.

Khai alikuwa kazini.

Siku tatu mambo yalikwenda hivyo. Siku ya nne Thoa hakuogopa tena. Alikasirika. Mwanamke alikuwa amepewa picha, ubani, matunda, chozi la Khai kila mwaka. Sasa alitaka na intaneti?

Mwezi ulikuwa wa saba, mwezi wa kuwachomea wafu vitu vya karatasi ili viwafikie, na vibanda vya kuviuza vilikuwa vimejaa hadi barabarani. Bibi Nhan, mmoja wa wauzaji, alikuwa na magari ya karatasi, viatu vya karatasi, hata mbwa wa karatasi.

"Ruta unazo, bibi?"

"Ninazo! Siku hizi mtu anampelekea mamaye simu bila ruta, mama anakuja ndotoni kulalamika." Bibi akamtolea moja nyeupe yenye antena sita. "Hii nikuandikie jina la marehemu gani?"

Thoa alifungua mdomo. Jina likamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Nitaandika mwenyewe."

"Usisahau, mwanangu. Bila jina kinapotea. Chenye jina kinamfuata mwenye jina."

Nyumbani aliinama na kalamu juu ya ile karatasi. Aandike jina la yule, kwa mkono wake, kwenye kitu alichokinunua yeye? Hapana. Ila yule ajue nani kampa. Ajue nani sasa ana nyumba hii. Akaandika kwa herufi kubwa: Thoa, Mwenye Nyumba. Akapiga mstari chini yake.

Saa kumi alasiri, jua bado kali, aliitia moto kwenye ndoo ya bati mbele ya mlango, kama majirani wote. Antena zilijikunja moja moja. Moshi ulipanda wima, ingawa upepo ulikuwepo.

"Chukua yako," alinong'ona. "Utuache."

Akafungua orodha. Simu ya Diep haikuwepo.

Thoa alicheka kwa sauti. Angecheza pale pale kibarazani. Halafu akaangalia tena. Simu ya Khai. Televisheni.

Yake pia haikuwepo.

Alitafuta mtandao wa nyumbani. Hakuuona. Palikuwa na mmoja tu, vijiti vya mawimbi vimejaa, hauna neno la siri. Thoa, Mwenye Nyumba. Simu ilijiunga yenyewe.

Akayakumbuka maneno ya Bibi Nhan.

Khai alikuwa ndani, hatua tano tu, anamenya embe. Thoa alimwita. Hakugeuka. Akampigia. Simu ya Khai ilikuwa mezani, mbele ya macho yake. Haikuita. Akaita tena. Sauti yake haikutoka. Majivu ndani ya ndoo yalikuwa yamepoa, na vidole vyake pia.

Orodha ikajifungua. Vifaa viwili. Simu ya Thoa.

Simu ya Diep.

Khai alipotoka na sahani ya embe alimkuta mkewe amekaa kwenye kigoda, simu mapajani, macho wazi. Daktari alisema moyo ulisimama.

Siku ya arobaini na tisa tangu kifo, Khai alikwenda kwa Bibi Nhan kumnunulia marehemu vitu vyake. Alichagua gauni la kijani. Alichagua simu. Akanyoosha mkono kwenye ruta.

"Hiyo acha, mwanangu," alisema Bibi Nhan kwa sauti ya chini. "Huyo anayo. Alichukua kwangu mwenyewe."

Khai aliandika jina la Thoa kwenye kila kitu, akavichoma mbele ya mlango, mchana, kwenye ndoo ile ile. Moshi ulipokwisha, simu yake ilitetema mfukoni. Ilikuwa imejiunga na mtandao asioujua, usio na neno la siri. Aliposoma jina, Thoa, Mwenye Nyumba, alikaa chini.

Orodha ilikuwa na vifaa vitatu.

Simu ya Diep, na mbele yake: Imezuiwa.

Simu ya Thoa.

Simu ya Khai.

Alijaribu kuizima simu. Haikuzimika. Akasimama, akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, mpaka mwisho wa kichochoro, mpaka barabara kubwa, mpaka ng'ambo ya daraja.

Vijiti havikupungua.