Siku Ng'ombe wa Babu Walipoandikwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Bénita hupanga jibini dukani kwao, mtaani Ndosho. Maziwa ya jibini hiyo hutoka vilima vya Masisi, kwa ng'ombe wa babu yake, Mzee Hitimana, ambaye hukaa nyuma ya meza akionja zaidi kuliko anavyouza.

Karatasi ya kodi ilipofika, Bénita ndiye aliyeijaza, maana nyumbani hakuna aliyemshinda Kifaransa.

"Babu, ng'ombe ni wangapi?"

"Mutoto, mali yenye pumzi haihesabiwi. Ukiwahesabu, wanapungua."

Bénita alitaka kwenda kucheza. Akaandika watano. Na kodi itakuwa ndogo, akajisifu. Babu akabandika kidole gumba bila kuuliza, na karatasi ikapelekwa ofisini.

Siku tatu baadaye, mlango wa jirani yao Fortunat, muuza mafuta ya mawese, ulikuwa na karatasi nyekundu. Bénita aliisoma: Fortunat alificha mapipa kwenye hesabu ya mwaka jana, ametozwa faini, na duka limefungwa hadi alipe. Mwenyewe alikuwa amekalia bidoni tupu ya mafuta.

"Nilidhani karatasi haina macho," alisema.

Duka lao likifungwa, watakula nini? Alikimbia kwa babu yake akamweleza yote.

"Watano!" Babu alishika kichwa. "Umeniulia ng'ombe wangapi kwa kalamu moja? Twende!"

Kwenye ofisi ya kodi, Bénita alikiri kwamba ndiye aliyeandika watano, na karani, Mama Athanasie, akaitafuta karatasi yao.

"Mumebakiza siku mbili. Anayesahihisha mwenyewe kabla ya tarehe ya mwisho, hatozwi faini. Sasa Muzee, ni wangapi?"

"Siwahesabu."

Watu kwenye foleni walicheka. Mama Athanasie akapiga kalamu mezani.

"Bila hesabu, sina la kuandika."

"Mama," Bénita alisema kwa sauti ndogo, "na akikutajia majina?"

Mama Athanasie akaweka kalamu tayari kuandika. Babu alisimama, akavua kofia. "Bihogo. Gaju, mutoto wa Bihogo. Kirezi, aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe. Mugondo, anayempiga teke kila mutu anayemkamua isipokuwa mimi..."

Kicheko kilikatika. Polisi wa mlangoni aliacha kuchokonoa meno. Kila ng'ombe alikuja na mama yake, rangi yake na ukaidi wake, hadi ofisi nzima ikawa kama malisho ya Masisi. Bénita aliduwaa. Miaka kumi na miwili amekunywa maziwa yao, na hakujua jina hata moja!

Babu alipomaliza, Mama Athanasie alihesabu kimoyomoyo mistari aliyoandika. Kumi na minne. Akagonga muhuri, akamgeukia Bénita.

"Kodi yenu imepanda, lakini duka litabaki wazi. Ulipoandika watano, mutoto wangu, ulisema wengine wote hawapo duniani. Usiandike uongo ili mzigo uwe mwepesi. Na ukikosea, rudi useme mwenyewe, mapema, kama ulivyofanya leo."

Nje, Bénita alimshika babu yake mkono.

"Babu, nifundishe majina yao wote."

"Taratibu," mzee alisema, akivaa kofia. "Tuanze na mama yao wa kwanza, Bihogo."