Njiti Anataka Kwenda Uani

Kila asubuhi mshonaji alianza kazi kwa kufuta. Alilowesha kitambaa kwa dawa ya kuulia vijidudu, akafuta kitasa cha mlango, akafuta cherehani, akafuta vidole vya mwanawe kimoja kimoja. Chumba kilinuka dawa mpaka wateja wakapiga chafya.

Mwanawe alikuwa na miaka minne. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kuliko mkate, ndiyo maana majirani walimwita Njiti. Siku zake za mwanzo aliishi hospitalini, ndani ya sanduku la kioo lenye joto. "Usimguse bila kunawa," wauguzi walimwambia mama yake. "Wageni wasimkaribie." Mshonaji aliyashika maneno hayo. Njiti akatoka hospitalini, akaota meno, akatembea. Mama yake bado aliyashika.

Njiti hakuwahi kucheza uani. Alipanda juu ya kiti, akaweka pua dirishani, akawatazama watoto wa majirani wakichimba.

"Mama, wanachimba nini?"

"Uchafu, mwanangu."

"Uchafu wao mzuri?"

Mshonaji alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asijibu.

Upande wa pili wa ua aliishi mama mkwe wake, bibi yake Njiti. Alifuga kuku, na kwa sababu ya kuku hao hakuruhusiwa kumpakata mjukuu. Kila jioni alikuja na kigoda chake, akakaa nje ya mlango.

"Mume wangu, hujambo?"

"Sijambo, bibi. Kuku wana mikono?"

"Wana mabawa. Siku mama yako akikupa ruhusa, utayashika."

"Siku gani?"

Bibi alicheka, lakini mikono yake ilikaa mitupu mapajani. Mshonaji aliiona mikono ile, akainamisha macho kwenye kazi yake.

Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa na maoni mengine. "Unamlea kama yai," alisema. "Mimi nilikula udongo, nikanywa maji ya mtaroni. Nitazame leo!"

"Nimekutazama. Ndiyo maana naogopa."

Walicheka. Siku hiyo ilipita. Lakini wiki iliyofuata fundi alirudi kutoka kazini akiwa na mpango.

"Watoto wa mwenzangu wana surua," alisema. "Wenzetu kijiweni wanasema mtoto akiugua angali mdogo anakomaa. Nampeleka Njiti akacheze nao. Augue, apone, yaishe. Halafu atoke nje kama wengine."

"Humpeleki!"

"Mpaka lini, Mama Njiti? Jana ameniuliza kama yeye ni mgonjwa. Nilikosa la kumjibu."

Fundi alimwinua mtoto, akamweka mabegani, akatoka. Njiti alipiga kelele za furaha.

"Baba, tunakwenda uani?"

"Mbali zaidi!"

Mshonaji alitoka mbio, peku. Kwenye geti walimkuta jirani yao, muuguzi, akirudi kutoka zahanati.

"Shemeji! Leo bwana mdogo ameachiwa? Mnaelekea wapi?"

Fundi alimweleza bila wasiwasi. Muuguzi aliweka kikapu chini, akasimama katikati ya geti.

"Kwenye surua? Hapa hapiti mtu. Mtoto amechanjwa?"

Mshonaji alitazama miguu yake. "Chanjo ya kwanza alipata. Ya pili... foleni ya kliniki ina watoto wanaokohoa. Niliogopa vijidudu."

"Unaona?" fundi alidakia.

"Na wewe usicheke, shemeji. Mnampenda wote wawili, na mmekosea wote wawili. Njooni tukae."

Walikaa barazani kwa bibi, naye akaketi nao. Fundi alimshusha mtoto. Njiti alisimama tuli, kisha akachuchumaa, akagusa ardhi kwa kidole kimoja. Mama yake alitaka kunyanyuka. Muuguzi alimshika mkono.

"Mwache. Sasa sikilizeni. Surua haimkomazi mtoto. Inaweza kumpofusha. Inaweza kumletea nimonia. Wengine inawaua. Na hata akipona, inafuta kumbukumbu ya kinga yake. Magonjwa ambayo mwili ulikwisha kuyazoea, unayasahau. Anatoka humo dhaifu kuliko alivyoingia."

"Sasa mwili utajifunzaje bila kuugua?" fundi aliuliza.

"Kwa chanjo. Chanjo inauonyesha mwili sura ya adui, bila vita yenyewe. Adui akija kweli, anajulikana."

"Basi mimi sikukosea," mshonaji alisema. "Vijidudu ni vibaya."

"Si vyote, dada. Vingi havina madhara. Vipo kwenye udongo, kwenye ngozi zetu, matumboni mwetu. Mwili wa mtoto unahitaji kukutana navyo mapema, ujue nani jirani na nani mwizi. Wataalamu wengi wanaona kwamba usipokutana navyo unaweza kushtuka ovyo, hata kwa vumbi tu. Na hiyo dawa yako inachoma pua. Je, kifua cha mtoto? Huwa anakohoa?"

"Kila asubuhi."

"Wakati unafuta?"

Mshonaji alinusa vidole vyake mwenyewe. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Ni hospitali waliniambia. Nisimguse bila kunawa. Wageni wasimkaribie."

"Walikuambia kweli. Alikuwa mchanga mno, kinga yake ilikuwa bado. Maneno yale yalikuwa ya majuma yale."

"Hakuna aliyeniambia niache."

Muuguzi alimsogelea, wakagusana mabega. "Mimi nakuambia leo. Kunawa msiache. Sabuni na maji akitoka chooni, kabla ya kula, na baada ya kushika kuku. Kinyesi cha kuku kiondolewe anapochezea. Maji ya kunywa yawe safi. Mwenye surua au anayehara akae mbali naye. Zaidi ya hapo, mwache mtoto acheze."

"Na maji yangu ya mtaroni?" fundi alitania. "Mbona hayakuniua?"

"Una bahati, shemeji. Wote mliokunywa pamoja wapo?"

Fundi alimtazama mama yake. Bibi ndiye aliyejibu. "Mdogo wake hakupona kuhara."

Fundi alimvuta Njiti karibu yake.

Kesho yake mshonaji alimpeleka Njiti zahanati. Alikaa kwenye foleni mbali na waliokohoa. Njiti alilia kidogo alipochomwa sindano. "Asichanganyike na watoto wengine wiki kama mbili hivi," muuguzi alisema. "Chanjo inahitaji muda, na surua inazunguka."

Lakini bibi alikuwa mzima, na alikwisha kunawa. Jioni hiyo hakukaa nje ya mlango. Aliingia, akaketi, akafungua mikono. Njiti alimwangalia mama yake kwanza. Mama akaitikia kwa kichwa. Mtoto akapanda mapajani, na bibi hakusema utani wowote. Alimkumbatia tu.

Wiki zikapita, Njiti akatoka. Alichimba. Alijua sasa kuku hawapendi kushikwa mkia. Mwezi haukuisha akapata mafua, na mama yake akakimbilia kwa muuguzi.

"Anakunywa? Anacheza? Anapumua vizuri?"

"Ndiyo."

"Basi ni mafua. Akishindwa kunywa au akipumua kwa shida, niite hata kama nala. Mengine yatapita."

Yalipita. Kikohozi cha asubuhi nacho kilikwisha, kwa kuwa chumba sasa kilifagiliwa na kupigwa deki kwa maji na sabuni. Kule kwa mwenzake fundi, mtoto mmoja alipona surua, mwingine jicho lake moja halikuona tena. Fundi alipopata habari hiyo aliacha baiskeli ya mteja chini, akarudi nyumbani mchana, akamtafuta mwanawe uani kwa macho mpaka akamwona.

Jumamosi moja Njiti aliingia ndani amechoka hoi. Alinawa mikono peke yake, akamwaga nusu ya maji sakafuni, akajitupa mapajani kwa mama yake na kulala hapo hapo. Mshonaji aliacha cherehani. Aliinama juu ya nywele zake, akavuta pumzi. Zilinuka udongo, jua na jasho la mtoto.

Miaka minne alikuwa naye chumba kimoja kilichonuka dawa. Harufu ya mwanawe aliijua siku hiyo.