Kilo Zisizoandikwa

Asubuhi ile Marceline aliamka akakuta sufuria zake zote zimepangwa ndani ya beseni, beseni limefunikwa kwa kitenge, na kitenge kimefungwa mafundo matatu kama mzigo wa mtu anayewahi treni. Alidhani ni mchezo wa Jenny, binti yake wa miaka sita. Alimgombeza kidogo, akafungua, akapika uji. Alasiri aliporudi kutoka sokoni alikouza maandazi, godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, na mtoto ameketi juu yake. Alikuwa amevaa gauni zake tatu, zote kwa pamoja, katika joto la Oktoba la Likasi ambalo hata mbwa hulikimbia.

"Nani alikuvalisha hizi nguo?"

"Papa," Jenny alisema. "Anasema train inakuya."

Georges, baba yake, alikuwa amekufa tangu Februari.

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo Marceline mwenyewe hakupenda kulisema. Mwaka uliotangulia, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi, Georges aliambiwa aende kwao. Kwao wapi? Alizaliwa Likasi, alitengeneza mashine za kiwanda cha Likasi, na Kasai aliijua kwa masimulizi ya marehemu baba yake tu. Hata hivyo alibeba mizigo akaenda gare, kwenye stesheni ya treni, akalala chini na maelfu ya wenzake kungojea treni zilizokuja zilipotaka. Marceline ni mtu wa Kapolowe, mwenyeji wa eneo lile lile, kwa hiyo hakuna aliyemgusa. Kwenye orodha ya wasafiri Georges aliandikisha majina matatu, na mkewe akamwahidi kwamba siku treni ikifika atakuja na mtoto.

Hakukusudia kwenda. Alikuwa amesikia jinsi watoto wanavyokufa ndani ya mabehewa, akaogopa, na woga ule haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kutosema. Kila siku alimpelekea mumewe bukari, ule ugali wa kwao, kila siku Georges aliuliza kama watakuja, naye alijibu watakuja. Georges aliacha treni mbili zipite kwa ajili yao. Mvua za Februari zikaleta kuhara, na siku mbili zilitosha. Oktoba treni ikachukua watu wa mwisho, gare ikafagiwa, ikanyunyizwa chokaa. Asubuhi iliyofuata ndipo sufuria zikaingia ndani ya beseni.

Basi ikawa hivyo kila siku. Marceline anafungua, mtu anafunga. Nyumba ikaanza kunuka blanketi mbichi, moshi wa makaa na chokaa. Saa nane mchana, wakati hakuna treni yoyote njiani, honi ndefu ilisikika upande wa reli, na Jenny aliinuka popote alipokuwa. Padri alikuja kunyunyiza maji ya baraka. Kikundi cha maombi cha mtaani kiliimba siku tatu mfululizo, na siku ya nne mafundo yalikuwa yamekazwa zaidi. Mtoto aliacha kula. Alisema chakula ni cha njiani, akakifunga ndani ya kitambaa, akakonda hadi shingo ikashindwa kubeba kichwa.

Kisha siku moja akatoweka. Marceline alimkuta gare, peke yake pale wanaposimama abiria, jua likiwaka, mkono wake wa kulia umeinuliwa juu kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu. Marceline alimshika mkono wa kushoto, akavuta. Upande wa pili kulikuwa na mtu naye alivuta. Walivutana hivyo, yeye na hewa tupu, mtoto katikati akilia taratibu, mpaka mkono wa kulia ukaachiliwa na wote wawili wakaanguka kwenye chokaa.

Jioni ile ile Marceline alikwenda kwa Mama Eugénie, shangazi wa Georges, mzee mwenye mguu mbovu ambaye masista walimficha nyumbani kwao wakati wenzake wanaondoka. Yeye ndiye aliyemwosha Georges. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa chini ya kitanda kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na nywele za Georges na kucha zake, alizozikata kabla ya kuzika ili siku moja zizikwe kwao, maana ndivyo ukoo wao ulivyofanya mtu wao akifia mbali.

"Georges haiko mubaya," alisema. "Iko nachoka kungojea tu. Alikufa na safari mu roho, na jina ya mutoto iko ku liste yake. Kama haumurudishe kwao, atapanda na Jenny."

Akamweleza masharti. Kopo lisiguse ardhi mpaka Mbuji-Mayi, kule Kasai, ambako kaka yake Georges atalipokea na kulizika. Kila mto mkubwa wanaoupita, Marceline ampe marehemu jina lake: Lufira, Lualaba, Lomami, Lubilashi. Mtu wao aliyekufa havuki maji ambayo hayajatajwa. La mwisho alilisema kwa sauti ya chini, amemshika Marceline kidevu.

"Akikuuliza fasi mutoto iko, unyamaze. Ata akilia, unyamaze. Akijua ile fasi, Kasai hataitaka tena. Atafwata mutoto."

Masista walipoweka kopo altareni na kulisalia, ili Georges abaki hapo asiwaone, Marceline alimbeba Jenny kwa siri mpaka Kapolowe, akamwacha kwa mama yake mzazi, jirani na misheni. Mtoto alilala njia nzima kwa utulivu ambao hakuwa nao tangu Oktoba. Marceline alirudi akalia kwa furaha, akauza cherehani yake, akatafuta nafasi kwenye ndege, kwa kuwa treni nyingine hakuna aliyejua ingekuja lini.

Ilikuwa ndege kuukuu ya mizigo iliyotua kwenye uwanja mdogo wa Likasi kuchukua unga na samaki wakavu, na abiria walikaa juu ya magunia. Kila mtu alipimwa kwenye mzani pamoja na kifurushi chake. Mpimaji alikuwa Placide, mtu wa makamo aliyepima shaba miaka ishirini kiwandani hadi kiwanda kilipolala, na mzani wake aliuamini kuliko macho yake. Marceline alipanda amekumbatia kopo. Sindano ikaenda mia moja na kumi na saba.

Placide alifuta mzani kwa kitambaa, akamwomba apande tena. Mia moja na kumi na saba. Akamwomba ampe kopo. Marceline peke yake alikuwa na kilo arobaini na tisa, na Placide, aliyekuwa ameshika kopo kwa mikono miwili, alianza kuinama taratibu kuelekea chini. Marceline alilidaka kabla halijagusa ardhi. Alijua hesabu ile bila kuandika: kilo sitini na nane, kilo za Georges kabla ya gare.

"Mama," Placide alinong'ona, "huyu muntu, unamupeleka ao unamufukuza?"

"Ninamurudisha kwao. Nakuomba, papa. Mutoto wangu atakufa."

Placide alitazama ndege, ambayo tayari ilikuwa imekalia magurudumu yake kwa shida, akatazama gauni la Marceline lililomlegea mabegani. Mke wake mwenyewe alikuwa ameondoka na treni ya Machi. Akaandika arobaini na tisa, akaita mwingine.

Ndege iliruka mwisho kabisa wa uwanja, ikiparura majani. Ndani kulikuwa na giza la samaki na mafuta, na kidirisha kimoja tu chenye mikwaruzo. Kando ya Marceline alikaa Viviane, mama kijana wa Mbuji-Mayi, na mtoto mchanga ananyonya. Ndege ilipinda upande wa mashariki kwanza, na Marceline akaona kupitia kidirisha mto unaong'aa chini ya vilima vya Koni. Aliinamia kopo akasema, "Georges, hii ni Lufira." Kopo likapata joto kama mkono wa mtu, kisha likatulia. Alihema. Alidhani yatakuwa rahisi.

Halafu mawingu yakaja. Yaliziba kidirisha, yakawa meupe, yakawa ya kijivu, ndege ikaanza kutikisika, na Marceline akahesabu dakika kwa vidole bila kujua anahesabu nini. Fidèle, kijana wa shehena mwenye karatasi ya uzito mfukoni, alipita akishika kamba za dari. Marceline alimuuliza kama Lualaba wameshaipita. Fidèle akasema rubani amekwepa dhoruba mara mbili, na kwamba chini kuna mto au hakuna, Mungu ndiye anayeona.

Harufu ya blanketi mbichi ilianza nyuma ya shingo yake.

"Tunapita mayi gani?" sauti iliuliza. Ilikuwa sauti ya Georges, ya chini, ya mtu aliyekaa kwa heshima mahali pa wageni.

Angeweza kusema sijui. Lakini alikuwa amezoea kumjibu mtu huyu jibu la kumtuliza, miezi mingapi amefanya hivyo, na ulimi ukatangulia.

"Ni Lualaba, Georges."

"Hapana," sauti ilisema. "Haiko Lualaba. Unanidanganya sawa kule gare."

Ndege ikaanguka, ikashuka kwa mkupuo mpaka magunia yakainuka na watu wakainuka nayo, kisha ikajishika, ikanguruma, ikashuka tena, na taa nyekundu ikawaka mbele na rubani akapiga kelele kwa lugha yake, na Fidèle akafungua mlango wa ubavuni wakaanza kusukuma magunia nje, unga ukipasuka hewani na kurudi ndani kama moshi, watu wazima wakiita mama zao, na bado ndege ilizidi kushuka, na Fidèle alitoa ile karatasi akaisoma upya akisema kuna uzito humu ambao hakuuandika mtu, kuna uzito humu ambao haumo kwenye karatasi.

Marceline alitaka kulitupa kopo. Tuseme ukweli, alitaka, na alijaribu. Halikuinuka. Lilikuwa limekaa mapajani mwake na kilo zote za mume wake, na kilo nyingine juu ya hizo, za mablanketi labda, na za beseni, na za miezi ile yote ya kungojea, mpaka mifupa yake ikalia na gunia chini yake likapasuka.

"Jenny iko wapi?" Georges aliuliza.

Alifunga mdomo. Alikumbuka vidole vya Mama Eugénie kwenye kidevu chake, akauma ulimi, akaonja damu.

"Liste iko na majina tatu. Jenny iko wapi, Marceline?"

Mawingu yalifunguka chini yao na zikaonekana nyasi, si picha ya nyasi bali jani mojamoja, na maji ya bwawa, na ndege weupe wakiruka kwa hofu. Viviane alikuwa ameacha kupiga kelele. Alikuwa amemfunga mtoto wake kifuani kwa kitenge chake chote na anajaribu kumfunika kwa mikono, kichwa, kila alichokuwa nacho, na mtoto, kwa kuwa hakujua lolote, alimtazama Marceline akatabasamu. Katika ndege ile mlikuwa na watoto saba. Marceline alikuwa amewaona wote wakipimwa. Alinyamaza kadiri mama anavyoweza kunyamaza, akanyamaza tena kidogo, na nyasi zikaja.

"Kapolowe," alisema. "Kwa mama yangu."

Kopo likawa jepesi, kopo tu la bati. Ndege ilipanda kwa nguvu kiasi kwamba Fidèle alianguka chali, na baada ya dakika chache jua liliingia kupitia kidirisha na watu wakaanza kuimba. Viviane alimkumbatia Marceline, akamwambia Yesu amewashika mkononi. Watu wote walikuwa wanalia, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa jinsi yeye alivyolia. Alimwomba Fidèle wageuze. Fidèle alimpigapiga begani, akamwambia ni mshtuko, akamwambia ndege itarudi Likasi baada ya siku nane.

Mbuji-Mayi, shemeji yake alifungua kopo uwanjani pale pale. Lilikuwa tupu, safi, kama limeoshwa.

Alikimbia mpaka parokia iliyokuwa na phonie, ile redio ambayo mapadri walizungumzia kati ya misheni na misheni. Ilichukua saa nzima kuipata Kapolowe, na nusu saa nyingine sista kwenda kumwita mama yake. Hatimaye sauti ya mzee ikatoka kwenye mikwaruzo, ikiwa na furaha.

"Usilie, mwana wangu. Mutoto amepona. Leo saa tano aliamuka, akaomba bukari, akakula yote. Anacheka. Amefunga nguo zake yeye peke, mafundo tatu, sijue nani alimufundisha. À toi."

Zamu ya kusema ilikuwa yake. Marceline alibonyeza kitufe. Aliuliza yuko wapi sasa hivi.

"Iko nasimama hapa inje ya mulango, mukono juu, sawa vile muntu anamushika. Anasema niseme kwa mama yake, hawatakungojea tena. À toi."

"Mama, mushike mukono ya kushoto," Marceline alisema. "Mushike sasa. Usimuachilie."

Aliachia kitufe akasubiri. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane. Kwanza ilikuja mikwaruzo, kisha mlango ukigongagonga, kisha mama yake akiita jina la Jenny kutoka mbali na chombo, mara moja, mara mbili, na nyuma ya sauti yake honi ndefu ya treni inayoondoka.