Kopo Lenye Uzi Mwekundu

Mama Lango hakuwa mtu wa kuamini upesi. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye lango la kiwanda cha nguo, akipekua mikoba ya wafanyakazi wa kike walipotoka kazini. Alikuta vitambaa vimefungwa viunoni. Alikuta nyuzi zimefichwa ndani ya nywele. Siku moja alikuta shuka nzima kwenye tumbo la mtu aliyejifanya mjamzito. Ukifanya kazi ya namna hiyo, hata nyumbani hutulii. Mtu anakusalimu kwa tabasamu, wewe macho yako yako kwenye mkoba wake.

Alipostaafu alihamia kwa mwanawe, fundi wa kufuli. Mwezi huohuo mwanawe alioa. Kwa hiyo nyumba ilipokea watu wawili kwa mpigo, bi harusi na mama mkwe. Binti mdogo wa Mama Lango, anayesomea ualimu, alikuwa akiishi hapo kwa kaka yake tangu zamani.

Mkwe alikuwa mpole, tena mpishi hodari. Kabla ya ndoa alipika katika jiko la hospitali. Mama Lango hakuwa na neno naye. Alimtazama tu, kwa jicho la pembeni.

Wiki ya tano baada ya harusi fundi alianza kuumwa. Siku ya kwanza kichwa, siku ya pili homa. Kila siku homa ilipanda kuliko jana. Tumbo lilimuuma, chakula hakikupita, nguvu zikamwisha hata bisibisi ikamshinda kushika. Hospitali walimpima damu wakasema ni homa ya matumbo, ile ambayo wengi wanaiita taifodi. Walimpa dawa, akarudi nyumbani amekonda.

Daktari alieleza mengi, lakini Mama Lango alibaki na neno moja tu: ugonjwa huu huingia kwa mdomo. Haya, na nani anayelisha midomo ya nyumba hii?

Kuanzia siku hiyo alihamishia kiti chake kwenye mlango wa jiko. Alimwambia mkwe aonje kila sufuria mbele yake kabla mtu mwingine hajala. Mkwe alionja. Siku zikapita, mkwe hakuumwa hata kichwa. Mtu mwingine angesema, basi chakula ni kizima. Mama Lango alisema kinyume chake. Anaonja bila hofu, kwa sababu anajua alichoweka na alipokiweka.

Mkwe alipoingia kuoga, Mama Lango aliupekua mkoba wake. Mikono haikuwa imesahau kazi. Chini ya kitana na leso alikuta kadi ndogo ya njano, yenye mihuri na maandishi asiyoyaelewa. Akaipachika kifuani kimyakimya. Ushahidi, alijiambia, na roho yake ikatulia kidogo.

Matunda aliyashughulikia yeye mwenyewe, kama alivyoimenyea nyumba nzima tangu ahamie hapo. Kila alasiri alitoka chooni, akasuuza vidole kwa maji kidogo, akamenya papai na kulikata vipande. Alimpelekea mwanawe sahani moja, bintiye sahani ya pili. Papai halipiti jikoni kwa yule, alisema, kwa hiyo ni salama.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Mama Lango alichelewa kuamka, na mkwe akapika chai bila mlinzi. Binti akanywa, akaenda chuoni. Jioni alirudi mwili unawaka moto, na zahanati walipompima wakasema ni taifodi.

Chai asubuhi, homa jioni. Mama Lango akakata maneno. Alimpigia simu shangazi wa mkwe, akamwambia Jumamosi ya wiki ijayo aje amchukue mtoto wake kabla hajaua watu. Fundi alibishana na mama yake mpaka sauti ikamkauka. Mkwe hakujitetea. Aliingia chumbani, akalia, akaanza kukunja nguo zake moja moja. Ndoa ya miezi miwili ilikuwa imebakiwa na siku kumi.

Kesho yake alikuja mpimaji wa maabara kutoka zahanati. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alisema wagonjwa wawili wa homa ya matumbo wametoka nyumba moja, kwa hiyo anataka kujua vijidudu vinatoka wapi. Isipokuwa binti, ambaye tayari alijulikana anaumwa, alimpa kila mtu kikopo chenye kifuniko, akaomba choo kidogo cha kila mmoja. Mama Lango alishangaa. Mtu mzima na akili zake, anapita majumbani akiomba choo!

Kisha akashtuka. Mkwe alifanya kazi hospitalini. Huenda hawa wawili wanajuana, huenda makopo yatabadilishwa njiani. Kwa hiyo alilifunga kopo lake kwa uzi mwekundu, kwa fundo la kiwandani ambalo hulifungui bila kulikata. Halafu alipanda gari pamoja na makopo hayo mpaka zahanati, na hakuondoka mpaka alipoona yamewekwa mezani.

Jumamosi ilifika. Shangazi wa mkwe alikaa sebuleni na uso uliokunjamana, mzigo wa nguo uko miguuni pake. Fundi aliinamisha kichwa. Mama Lango alikuwa ameshaweka kadi ya njano tayari kifuani. Ndipo mpimaji alipobisha hodi, akasema ana maneno na Mama Lango peke yake.

"Sema hapahapa," alisema Mama Lango. "Wote wasikie."

"Majibu ya mtu ni siri yake, mama. Twende chumbani."

Chumbani mpimaji alifunga mlango. Alisema vijidudu vimekutwa kwenye kopo moja tu, nalo ni lile lenye uzi mwekundu.

Mama Lango alisema makopo yamebadilishwa. Mpimaji akamwekea uzi wake mkononi. Ulikuwa umekatwa pembeni kwa mkasi, na fundo lilikuwa zima, vilevile alivyolifunga. Aligeuza fundo hilo vidoleni, akatafuta pa kutokea, akakosa.

"Lakini mimi siumwi," alisema.

Mpimaji akauliza kama aliwahi kuugua homa hiyo. Ndiyo, miaka tisa iliyopita. Walimpa vidonge vya siku kumi na nne. Siku ya tano alijisikia mzima, akaviweka vilivyobaki kwenye kopo la sukari, vimfae siku nyingine.

"Umefanya kazi langoni, kwa hiyo utanielewa," alisema mpimaji. "Mwili ni kama kiwanda chako. Ngozi ni ukuta. Mdomo ni lango. Tumboni mna maji makali yanayoua vijidudu vingi. Vinavyopenya hujificha na kuzaana kimyakimya, wiki moja mpaka tatu. Mtu hajui kitu. Kisha askari wa damu, zile chembe nyeupe, wanavigundua na vita vinaanza. Homa ni dalili ya vita hivyo."

"Kwa hiyo chai ya asubuhi..."

"Haileti taifodi jioni. Binti aliingiwa na vijidudu wiki kadhaa kabla. Tena chai ilichemka, na moto unaviua."

Mama Lango alihesabu kwa vidole. Wiki kadhaa kabla. Ni sahani za papai.

Mpimaji aliendelea taratibu. Askari wa Mama Lango walishinda vita, lakini dawa ilikatishwa, na hata bila hivyo wapo watu wachache ambao vijidudu huwabakia. Hujificha kwenye mfuko wa nyongo. Havimuumizi mwenye mwili, ila hutoka na choo. Mkono usiooshwa kwa sabuni huvibeba mpaka kwenye chakula cha watu.

"Na mkwe wangu?" Mama Lango aliuliza. "Alikula kila kitu. Nilimshuku kwa sababu haumwi."

"Hata wewe huumwi, mama."

Maneno hayo yalimchoma. Polepole akatoa kadi ya njano kifuani, akauliza ni ya nini. Mpimaji akaisoma. Ilikuwa kadi ya chanjo ya homa ya matumbo, aliyopewa mkwe mwaka juzi kwa sababu ya kazi ya jikoni. Chanjo huwaonyesha askari wa mwili sura ya mwizi kabla hajafika, alisema. Hailindi kila mtu kabisa, lakini huyu imemsaidia.

"Nyamaza ukitaka," mpimaji alisema. "Mimi sitamwambia mtu."

Mama Lango alikaa kitandani. Angeweza kunyamaza. Shangazi angebeba mzigo, mkwe angeondoka, na hakuna ambaye angejua. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile aliyokuwa akiiona kwenye nyuso za wengine pale langoni. Akainuka, akafungua mlango.

Sebuleni alimrudishia mkwe kadi yake mbele ya watu wote.

"Niliiiba mkobani mwako," alisema. "Na ugonjwa ni wangu. Mimi ndiye niliyewalisha watoto wangu. Nisamehe, mwanangu. Shangazi, acha mzigo chini."

Mkwe alilia tena. Halafu alipiga magoti, akaufungua mzigo.

Mama Lango alimeza dawa wiki nne, na safari hii kidonge cha mwisho alikimeza. Kwa muda huo hakugusa chakula cha mtu. Fundi alitundika ndoo yenye bomba nje ya choo, na sabuni pembeni yake. Maji ya kunywa yalichemshwa. Binti alipona, akarudi chuoni. Mama Lango alipimwa mara tatu kwa vipindi tofauti, na mara zote choo chake kilikuwa safi. Nyumba ile haikupata mgonjwa mwingine.

Alasiri moja mkwe alileta papai zima na kisu, akaviweka mbele ya mama mkwe wake. Mama Lango hakukigusa kisu. Alitoka kwanza hadi kwenye ndoo, akashika sabuni, akamwita mkwe asimame karibu.

"Nitazame vizuri," alisema, akaanza kusugua katikati ya vidole.