Mzani wa Ghalani

Rafiki yangu mmoja, mwanamke anayepima mahindi sokoni, si mtu wa kutunga maneno. Jioni moja, wenzake wakifunga vibanda, aliingia ghalani kuchukua magunia matupu. Mle hamna dirisha, giza totoro. Akasikia nyayo zikijiburuza sakafuni, kisha ubao wa mzani ukalia kwaa, kama umepandwa.

"Wifi, acha mzaha," akasema, akidhani ni mke wa kaka yake.

"Mzaha gani tena? Mie niko huku nje!" wifi akajibu kutoka mlangoni.

Akawasha tochi ya simu. Juu ya mzani hapakuwa na kitu, lakini mshale ulikuwa kwenye kilo sitini. Akiutazama, ukashuka hadi thelathini, ukatulia, kama mtu aliyekwisha kushusha mguu mmoja.