Boneti Iliyomficha Bi Opal

Uligeuza uso. Usibishe. Ulikuwa kwenye foleni ya kuteremsha watoto mbele ya shule ya Cutler Springs, pikapu yako ikinguruma, na ulipoiona kofia ya njano imelala kwenye lami ulijifanya unatafuta kitu kwenye simu. Basi leo utasikiliza.

Kumbuka asubuhi zetu zilivyokuwa. Bi Opal Stidham, mwanamke mfupi wa miaka sabini na mmoja, alisimama kivukoni na kofia yake ya njano na kibao chake chekundu cha kusimamisha magari, akivusha watoto na kumuuliza kila dereva hali ya mama yake. Royce Tackett alivushwa naye tangu darasa la kwanza. Sasa alimleta binti yake Kinsley kwa gari dogo la bluu, na Bi Opal aliinama dirishani kuwapa peremende za mnanaa.

Kilichomharibu Royce ni duka la chakula cha mifugo. Wanaume hukusanyika pale kila Jumamosi kunywa kahawa, hata wasiomiliki ng'ombe.

"Royce," Coy Ledbetter alimwita mbele ya watu, "hicho kigari unakiendesha au unakivaa?"

"Mwache, bwana," mwingine akadakia. "Akikichoka atakipanga kabatini na viatu."

Royce alicheka nao. Lakini njiani kurudi, pikapu ya Coy ilimpita kwa kishindo, magurudumu yake yakiwa usawa wa uso wa Kinsley dirishani. Kicheko kikamwisha.

"Janelle," alimwambia mkewe jioni ile, "tukigongana na lile dude, tutabaki wapi? Nasi tununue pikapu."

"Na wao wakigongwa na letu?"

"Hao watajijua. Mimi nalinda wangu."

Lishike neno hilo. Ndilo linalouza pikapu katika nchi yetu. Mizigo ni kisingizio. Royce huuza mapazia! Kila mtu analiogopa gari la jirani, ananunua kubwa zaidi, kisha jirani naye anaingiwa na hofu. Wauzaji wanalijua hilo tangu zamani. Ukiwauliza gari dogo, wanakwambia hawaagizi tena, eti hakuna anayelitaka.

Royce akanunua pikapu. Akaipandisha juu inchi sita zaidi kwa vyuma, kama wenzake. Janelle alisimama mbele ya boneti, ikamfika kifuani.

"Unaniona?"

"Nakuona vizuri tu."

"Mimi ni mrefu, Royce. Mtoto je?"

"Acha uchuro, mama."

Wiki ya tatu, foleni ilisimama. Mtoto mmoja aliangusha kasha lake la chakula kivukoni, akakimbilia ng'ambo. Bi Opal akainama kuliokota. Royce akatazama mbele: lami tupu. Akaachia breki.

"Baba," Kinsley akauliza kutoka nyuma, "Bi Opal yuko wapi?"

Halafu wakasikia kibao kikivunjika.

Royce alipiga magoti lamini, ameushika mkono uliomvusha utotoni. Nyonga ya Bi Opal ilikuwa imesagika.

"Royce? Hukuniona, mwanangu?"

"Sikukuona, Bi Opal. Naapa sikukuona."

"Lakini nilikuwa hapa hapa."

Alikuwa hapo hapo miaka thelathini na minne. Leo anakaa kwenye kiti karibu na dirisha lake, na hatatembea tena. Coy alikwenda kwa akina Tackett na bakuli la viazi vya kuoka, akampiga Royce begani: "Shukuru Mungu, kaka. Ndani ya gari hakuna aliyeumia."

Kinsley amekataa kuipanda pikapu ile. Anakwenda shule kwa miguu, mitaa mitatu tu, na baba yake anatembea nyuma yake.

Funzo

Gari linalonunuliwa kwa hofu na kwa kuogopa kuchekwa linamfuta jirani machoni pako, halafu wewe unaliita ulinzi.

Sasa weka chini karatasi hii. Nenda uani, kaa kwenye usukani wa pikapu yako, injini ikiwa imezimwa. Mwambie mwanao aiguse boneti, kisha arudi nyuma hatua moja moja mpaka uzione nywele zake. Hesabu hatua hizo. Jumanne kuna kikao cha mji: simama uitaje hesabu yako kwa sauti, Coy akisikia.

Inuka. Mtoto anakungoja uani.